Askari wa Mwili Wakigeuka

Leo nina swali. Binti wa miaka 24 akianza ghafla kusahau, kuongea ovyo na kuona vitu ambavyo wenzake hawavioni, mtaani tunasemaje? Karogwa. Ana mashetani. Kavuta bangi. Si ndivyo?

Basi sikilizeni kisa cha kweli. Mwaka 2009 huko New York, Marekani, mwandishi wa gazeti aitwaye Susannah Cahalan, miaka 24, alianza hivyo hivyo. Akawa anaanguka na kutetemeka kama mwenye kifafa. Daktari mmoja alidhani ni pombe. Alipolazwa, Dk. Souhel Najjar akampa karatasi achore saa, kipimo wanachopewa pia wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Nambari zote, 1 mpaka 12, akazibananisha upande wa kulia. Kushoto patupu! Daktari akatambua kwamba ubongo wake umevimba.

Umevimbishwa na nani? Kwenye mada za UKIMWI tumejifunza kuwa mwili una askari, na VVU huwaua. Hapa ni kinyume: askari wapo, wana nguvu, ila wamemgeukia mwenye nyumba. Wanaweza kushambulia viungo, ngozi, figo, hata ubongo. Wakishambulia tumbo, mwili unaweza kushindwa kufyonza vitamini B12, na ukosefu wake ukaharibu kumbukumbu. Huyo hutibiwa kwa sindano za vitamini hiyo hiyo.

Susannah alipewa dawa za kuwatuliza askari wake. Akapata nafuu polepole, akarudi kazini, na mwaka 2012 akatoa kitabu kuhusu ugonjwa wake.

Jamani, msitishike. Kusahau funguo, au kusahau somo kwa sababu hukulala, siyo ugonjwa huu. Lakini rafiki akibadilika ndani ya siku au wiki chache, akapoteza kumbukumbu, akachanganyikiwa au akaanguka kifafa, msimfunge kamba wala kumcheka. Mpelekeni hospitali mapema. Mwelezeni daktari hali ilianza lini na imebadilikaje, maana mgonjwa mwenyewe huenda hakumbuki. Anayetaka kumwombea amwombee, ila wakiwa njiani kwenda hospitali.

Siyo kila anayesahau atapona. Ila wapo wanaopona, na hatuwezi kuwajua bila vipimo.

Haya, nani ana swali?