Mahudhurio ya Watoto Wetu Skuli na Wajibu wa Ukoo



Naishukuru Kamati ya matayarisho kwa kunipa nafasi hii baina ya chakula cha mchana na sala ya Alasiri. Ni nafasi ambayo kila msemaji huiogopa, kwani pilau haina huruma na macho ya wasikilizaji. Hata hivyo nimeikubali kwa moyo mkunjufu, kwa sababu jambo nililoombwa kulizungumza limeingia katika nyumba nyingi za ukoo huu, na mpaka leo tumekuwa tukilinong'ona tu, kila mmoja na mlango wake.

Nimefanya kazi kwa miaka kumi na tisa katika ofisi ya skuli moja ya sekondari hapa Uingereza, na kazi yangu ilikuwa kuangalia daftari la mahudhurio: nani yupo, nani hayupo, na kwa sababu gani. Nimeziona barua zilizotoka, na baada ya kustaafu nimeziona barua hizo hizo zikifika katika nyumba za jamaa zangu, zimewekwa juu ya friji, baadhi yao hazijafunguliwa.

Kwanza niseme neno juu ya jina. Kwetu mtoto asiyekwenda skuli huitwa mtoro. Wazee wanajua kwamba zamani neno hili lilikuwa jina la mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Limebaki katika lugha yetu na ukali wake wote: mtoro ni mtu wa kukamatwa. Wengi wetu tunakumbuka jinsi mwalimu wa chuo alivyokuwa akiwatuma wanafunzi wakubwa kwenda kumleta aliyekosa, akaletwa amebebwa mikono na miguu huku mtaa mzima ukicheka. Sisemi kwamba hapana watoro. Wapo. Lakini katika miaka yangu yote ya kulishika lile daftari, watoto wengi waliokuwa wakikosa siku nyingi hawakumkimbia mtu. Walikuwa nyumbani, na mzazi au mlezi wao akijua. Kwa hiyo nitaomba ruhusa ya kuliweka kando neno hilo mchana huu.

Sasa hesabu. Mwaka wa skuli hapa England ni siku 190, na kila siku ina vipindi viwili vya kuitwa majina, asubuhi na mchana. Jumla vipindi 380. Mtoto aliyekosa asilimia kumi ya vipindi hivyo, yaani 38, ambavyo ni sawa na siku 19, huhesabiwa kuwa ni mkosaji wa kudumu. Siku 19 zinasikika nyingi. Zigawanyeni katika wiki 38 za masomo, mtaona kwamba ni siku moja tu kila wiki mbili. Mzazi anayemwacha mtoto nyumbani Ijumaa moja leo na Ijumaa nyingine baada ya wiki mbili hajioni kuwa amefanya kosa lolote, na mwisho wa mwaka jina la mwanawe limo katika orodha.

Hesabu hiyo haichagui sababu. Homa imo, safari imo, hata siku zilizotolewa ruhusa na mwalimu mkuu zimo. Kuchelewa nako kumo: mtoto anayefika baada ya daftari kufungwa, na aghalabu hufungwa si zaidi ya nusu saa baada ya kuanza, huandikwa kuwa amekosa kipindi kizima, ingawa yumo darasani na kalamu mkononi. Nimewaona watoto wa mama wanaofanya kazi za usiku waliojaza vipindi 38 bila ya kukosa siku nzima hata moja.

Wala tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka wa masomo wa 2018/19 wakosaji wa kudumu katika England walikuwa takriban mtoto mmoja katika kila kumi. Baada ya maradhi ya korona kuzifunga skuli mwaka 2020 na 2021, idadi ilipanda, na mwaka 2021/22 ikapindukia mtoto mmoja katika kila watano. Imeshuka kidogo tangu hapo, lakini haijarudi ilikokuwa. Ndugu zetu walioko Marekani wanaijua hali hiyo hiyo, maana kule nako asilimia kumi ndicho kipimo, na idadi yao ilikaribia kuongezeka maradufu katika miaka hiyo. Watoto walizoea chumba na simu. Wengine walirudi darasani wakawa wanaumwa tumbo kila asubuhi, na tumbo hilo ni la kweli.

Juu ya faini sitakaa sana, kwa kuwa ndilo jambo pekee ambalo kila mtu ameshalisikia. Tangu Agosti 2024, mtoto aliyekosa vipindi kumi bila ya ruhusa ndani ya wiki kumi za masomo anaweza kumletea mzazi faini ya paundi 80 ikilipwa katika siku 21, na paundi 160 ikichelewa. Faini hiyo ni kwa kila mzazi na kwa kila mtoto. Baba na mama wenye watoto watatu, wakilipa mapema, ni paundi 480. Ikija ya pili ndani ya miaka mitatu, ni 160 tangu mwanzo. Ya tatu haiji kama faini, mzazi anaweza kupelekwa mahakamani. Naieleza ili ijulikane. Binafsi sikupata kuona barua ya faini iliyomwamsha mtoto kitandani.

Lililonileta hapa ni sababu zinazotuhusu sisi, kwani zinatibika baina yetu.

Iko safari ya nyumbani. Tiketi ya Unguja au Mombasa katika Julai na Agosti hupanda mpaka mtu mwenye watoto wanne akashika kichwa, na tiketi ya Novemba au Februari humwita kwa upole. Basi anakwenda Februari kwa wiki mbili, zikawa wiki tano. Wazee wengine wa ukoo huu wameniambia waziwazi kwamba mtoto hujifunza zaidi akikaa na bibi yake Pemba kuliko akikaa mbele ya ubao, na mimi siwacheki. Mtoto ambaye hajui kaburi la babu yake amepungukiwa na kitu ambacho skuli haiwezi kumpa. Lakini wiki tano ni siku 25. Peke yake zimeshapita 19. Na mtoto anaporudi hukuta wenzake wamemaliza sehemu nzima ya hesabu, akajiona mjinga, na hapo ndipo tumbo linapoanza kumuuma. Skuli nayo, akikawia kurudi, inaweza hata kulifuta jina lake na nafasi ikaenda kwa mwingine.

Iko sikukuu. Sheria inamruhusu mtoto kukosa siku ambayo dini ya wazazi wake imeitenga, kwa hiyo siku ya Idd haina ugomvi, mradi skuli ipewe taarifa. Tatizo ni kwamba sisi wa Zanzibar tuna Idd Pili, Idd Tatu na Idd Nne, na mwalimu mkuu wa hapa hajazaliwa Mkunazini.

Upo unyevu wa nyumba. Wako watoto katika jamaa hii ambao kila majira ya baridi kifua kinawabana, na ukuta wa chumba chao ni mweusi kwa ukungu. Mnamkumbuka mtoto Awaab Ishak wa Rochdale, aliyefariki Desemba 2020 akiwa na miaka miwili kwa sababu ya ukungu wa nyumba waliyopangishwa. Sheria iliyopewa jina lake ilianza kutumika Oktoba 2025 kwa nyumba za halmashauri na za mashirika ya makazi, na inamlazimisha mwenye nyumba kuuchunguza unyevu wa hatari kwa muda maalumu. Andikeni barua, pigeni picha, wekeni nakala.

Na liko hili ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, nalo halisemwi. Binti mmoja wa ukoo huu, ambaye mwenyewe ameniruhusu nieleze habari zake bila ya kumtaja jina, alikuwa na miaka kumi na tatu. Baba yake akiendesha teksi usiku, mama yake akisafisha maofisi tangu alfajiri, na bibi yake akiugua sukari na figo. Bibi hajui Kiingereza. Basi kila miadi ya hospitali, huyu mtoto ndiye mkalimani. Alikaa mbele ya daktari akamfasiria bibi yake kwamba figo zinakufa. Kufikia Machi alikuwa amekosa siku 26. Barua za skuli zilipofika nyumbani, msomaji wa barua zote za Kiingereza alikuwa ni yeye, na mnaweza kukisia alizifasiri vipi. Skuli ikamwona mvivu, wazazi wakaona mambo yote ni shwari, na bibi akimwombea dua kila siku kwa wema wake. Kila mmoja alikuwa na haki yake kwa upande wake.

Mambo yalibadilika pale shangazi yake mmoja, anayekaa mji mwingine kabisa, alipouliza swali jepesi: huyu mtoto anasoma saa ngapi? Wakapatikana watu wazima wanne wa ukoo, wakagawana miadi ile, kila mmoja siku moja kwa mwezi. Wa mbali akifasiri kwa simu. Hospitali nayo ikaombwa mkalimani wa Kiswahili, ambaye hutolewa bila ya malipo akiombwa mapema, na miongozo ya huduma za afya yenyewe inaeleza kwamba mtoto asifanywe mkalimani. Baba akaenda skuli na binti yake, wakaeleza. Muhula uliofuata alikosa siku mbili. Leo yumo chuoni, na bibi, Alhamdulillahi, yumo katika ukumbi huu.

Sitaki kusema kwamba kila nyumba itatengenea hivyo. Ila liangalieni jambo lenyewe: hapakuja afisa, hapakutolewa hotuba kwa mtoto. Ulipatikana muda wa watu wazima ukawekwa pale ulipokuwa ukiliwa muda wa mtoto.

Wenzetu wamejaribu mambo ya namna hii kwa upana zaidi. Mjini New York, kuanzia mwaka 2010, wakati wa meya Michael Bloomberg, skuli kadhaa ziliwapa watoto waliokuwa wakikosa sana mtu mmoja mmoja wa kuwaangalia: kuwapokea asubuhi, kupiga simu nyumbani wasipofika, kuuliza kuna nini. Watafiti wa Johns Hopkins walikuta kwamba watoto hao walihudhuria karibu siku tisa zaidi kwa mwaka kuliko wenzao waliofanana nao. Na Philadelphia, Todd Rogers na Avi Feller walipeleka barua katika nyumba zaidi ya elfu 28 zikimweleza mzazi idadi kamili ya siku alizokosa mwanawe. Si vitisho, ni idadi tu. Ukosaji wa kudumu ukapungua kwa sehemu ya kumi au zaidi. Inaelekea wazazi wengi, kama sisi, walikuwa wakidhani ni siku chache.

Kwa hiyo naleta mapendekezo mbele ya mkutano huu, na Mwenyekiti atayapigisha kura kabla ya Magharibi.

La kwanza ni upatu wa safari. Kina mama hawahitaji kufundishwa upatu. Nyumba kumi, kila moja paundi 60 kwa mwezi, kuanzia Septemba hadi Juni; kila mwezi nyumba moja inapokea paundi 600. Fedha hizo hazilipi safari, lakini huziba tofauti ya tiketi ya Julai na ya Februari, hasa kwa anayenunua mapema. Najua baadhi ya wajumbe wa Kamati wangependa ichotwe kutoka mfuko wa mazishi. Mimi napinga. Mfuko wa mazishi uachwe na kazi yake.

Jengine ni daftari la wakalimani: watu wazima walio tayari kutoa nusu siku kwa mwezi, na miji wanayokaa. Na wale wanaokaa mtaa mmoja wapeane zamu ya asubuhi, mmoja awapeleke watoto wote, ili mama aliyetoka kazini saa kumi na mbili alale. Nyumba tatu za Milton Keynes zimeshaanza, waulizeni.

Kwa vijana nina ombi. Nyinyi mlio vyuoni, kila mmoja achukue mdogo wake mmoja, si wa nyumba yake, ampigie simu asubuhi. Si upelelezi. Usimuulize mbona hukwenda. Muulize leo mna somo gani. Ninyi mnajua matusi wanayotukanwa ndani ya basi na maneno yanayosemwa juu ya mtandio. Watakwambieni nyinyi wasiyotuambia sisi.

Na wazazi, kila mwisho wa mwezi iulizeni skuli idadi ya vipindi alivyokosa mtoto. Mna haki ya kujua. Msimtume mtoto akaulize.

Karatasi tatu zimewekwa juu ya meza ya chai: ya upatu, ya wakalimani, na ya vijana. Andikeni majina kwa herufi za kusomeka, pamoja na mji na namba ya simu. Kalamu ni moja, imefungwa kwa uzi, na naomba isiondoke.