Kwa nini hatukuja na ushuhuda
(Maneno tuliyoyasema kwenye semina ya kamati za parokia na wafadhili)



Katika barua ya mwaliko mlituomba tuje na mwanakikundi mmoja atoe ushuhuda. Mnaona tumekuja wenyewe. Tungependa kuwaeleza sababu, maana ukiielewa sababu hiyo umeielewa kazi yetu karibu yote.

Vikundi vyetu ni vya watu wazima walioumizwa wakiwa watoto. Wapo waliopigwa kupita kiasi, wapo waliobakwa au kuchezewa na ndugu, jirani au mwalimu. Wamekua, wana ndoa na watoto, wanalima, wanafundisha, wanaimba kwaya. Lakini usiku hawalali. Mlango ukigongwa ghafla mwili wote unatetemeka. Wengine wamezunguka zahanati kwa miaka na maumivu ya tumbo yasiyoonekana kwenye vipimo, na wengine wametafuta usingizi kwenye chupa.

Tusidhani ni watu wachache. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009, ukachapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 hivi katika kila 7, walipatwa na angalau tukio moja la ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Waliohojiwa walikuwa na umri wa miaka 13 hadi 24. Leo wote ni watu wazima. Wengi hawakumwambia mtu yeyote, na wavulana walinyamaza zaidi.

Mnatuuliza mara nyingi: kwa nini kikundi? Mbona mtu asikae na mshauri wake faraghani, yaishe? Wapo wanaohitaji hivyo, nasi huwapeleka. Lakini fikirini jambo hili. Mtoto anayeumizwa na mtu wa nyumbani hana pa kwenda. Akisema mjomba ni mbaya, atakula wapi, atalala wapi? Kwake ni afadhali aamini kwamba mbaya ni yeye. Anakua na imani hiyo, na kwa kuwa aliambiwa asiseme, hapati mtu wa kumsahihisha. Mshauri akimwambia, "Haikuwa kosa lako," anaitikia kwa heshima tu. Huyo ni mshauri, ndiyo kazi yake kusema hivyo. Lakini siku anapomsikia mama mwenzake, anayemwona mtu mwema, akijilaumu kwa maneno yale yale ambayo yeye amejiambia miaka 30, anashtuka na kusema, "Lakini wewe ulikuwa na miaka saba!" Halafu ananyamaza. Tumeuona ukimya huo zaidi ya mara moja. Amejisikia mwenyewe alichosema.

Wala hatubahatishi. Huko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wataalamu walijaribu tiba ya kikundi kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari bali wahudumu wa jamii waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu, na wanawake wengi hawakujua kusoma. Miezi sita baada ya tiba, wanawake 9 katika kila 100 wa vikundi ndio waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa, wakati kwa waliopewa ushauri wa mmoja mmoja wa kawaida walikuwa 42. Wale hawakuumizwa wote utotoni, hivyo hatusemi ni jambo lile lile. Tunasema watu wa vijijini wanaweza kufanya kazi hii, wakifundishwa vizuri na wasiachwe peke yao.

Sasa turudi kwenye ushuhuda. Miaka kadhaa iliyopita tulipata wageni, na tulitaka waone matunda. Tulimwomba mama mmoja wa kikundi asimulie mbele yao. Alikubali mara moja. Alisimulia vizuri, wageni walilia, picha zikapigwa. Wiki iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Tulipomfuata nyumbani alituambia kwa upole kwamba yeye hajui kumkatalia mkubwa. Tangu utotoni akiombwa kitu na mtu mwenye madaraka huwa anakubali, halafu anaondoka ndani ya mwili wake mpaka kiishe. Siku ile na sisi alifanya hivyo hivyo.

Ndugu zetu, tuliyafanya hayo sisi, kwa nia njema na kwa bajeti iliyoidhinishwa. Habari zake zilifika bombani kabla ya mwezi kwisha. Wawili wengine waliacha kuja, na kikundi kilivunjika. Yule mama alirudi baada ya mwaka, katika kikundi kingine. Wale wawili hawajarudi mpaka leo.

Daktari Judith Herman wa Marekani aliandika mwaka 1992 kwamba uponyaji huanza na usalama, ndipo hufuata kukumbuka na kuomboleza, na baadaye kurudi katika maisha na watu. Sisi tulianzia katikati, tena hadharani.

Tangu hapo tunakwenda hivi. Kila anayeomba kujiunga tunazungumza naye peke yake kwanza. Aliye katika hatari sasa hivi, au anayefikiria kujiua, anapelekwa hospitali au kwa afisa ustawi wa jamii kabla ya kikundi. Wanane tu, wanawake peke yao na wanaume peke yao, mara moja kwa wiki, wawezeshaji wawili. Baada ya wiki ya pili hapokelewi mtu mpya. Wiki za mwanzo hakuna anayesimulia lolote. Wanajifunza kupumua, kulala, kutambua kwa nini harufu ya mafuta ya taa inawarudisha nyuma miaka mingi. Wanajifunza pia kusema "leo sisemi", na wenzao wanasema "sawa". Kwa baadhi yao hiyo ndiyo mara ya kwanza neno hapana kupokelewa bila adhabu.

Yanayosemwa ndani hayatoki, isipokuwa kwa jambo moja, na tunalitamka siku ya kwanza: tukisikia kuna mtoto anayeumizwa sasa, tutatoa taarifa ustawi wa jamii na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Hakuna aliyewahi kuondoka kwa sababu ya sharti hilo. Kinyume chake, kuna baba mmoja alituambia angetamani mtu mzima mmoja angekuwa na sharti kama hilo zamani zake.

Kwenu wanakamati, tuna ombi gumu kidogo. Msituombe orodha ya majina, hata kwa ajili ya kuwaombea. Aliyemuumiza mtu huenda bado yupo kijijini, na mara nyingine ni mtu anayeheshimiwa, anayeshika ufunguo wa ukumbi. Tena msiwahimize kusamehe. Msamaha ukija, utakuja wenyewe; ukiagizwa, wanausikia kama ile amri ya zamani ya kunyamaza.

Kwenu wafadhili, taarifa zetu zitakuwa na tarakimu: wangapi walianza, wangapi walimaliza, wangapi wanalala kuliko awali, nauli kiasi gani, siku ngapi za usimamizi wa wawezeshaji. Hazitakuwa na picha. Tunajua taarifa ya namna hiyo haipendezi kubandikwa ukutani. Fungu la usimamizi ndilo linalokatwa kwanza kila mwaka, nasi tunaomba lisikatwe, kwa sababu mwezeshaji anayesikia mambo haya kila wiki bila wa kumsikiliza yeye huvunjika, na akivunjika kikundi chake humwona.

Kikundi cha wanaume kiko tayari kuanza. Watu saba wameshazungumza nasi. Kinachokosekana ni chumba chenye mlango unaofungwa, kisichotazamana na ofisi ya parokia wala kituo cha bodaboda, kwa saa mbili kila Alhamisi jioni. Mwenye chumba cha namna hiyo atuone wakati wa chai.