Kuotesha Vitunguu Vidogo vya Kupandia

Yako mashamba mengi ya vitunguu ambayo hupendeza macho mwezi wa Februari, lakini mwezi wa Aprili hayana kitu. Mkulima husia mbegu mvua za vuli zinapoanza mwezi wa Oktoba. Miche hukaa kitaluni majuma 6 au 8, kisha hutaka miezi 3 au zaidi shambani. Vitunguu vinapokaribia kukomaa, mvua za masika nazo zimewasili, navyo huoza shingo kabla ya kukauka. Hasara hiyo haitokani na uvivu, bali hesabu ya miezi.

Mwenye maji ya mfereji aweza kusia mapema, na hana haja ya taabu itakayoelezwa hapa. Lakini yule anayetegemea mvua ya mbinguni aweza kupanda vitunguu vidogo badala ya miche, navyo aviotesha mwenyewe. Kitalu kidogo chaweza kumwagiliwa kwa debe. Wakulima wa India nao hufanya hivyo: husia Januari au Februari, huhifadhi vitunguu vidogo wakati wa joto, na kuvipanda Agosti.

Mbegu ziwe mpya, kwa maana mbegu ya kitunguu ikipita mwaka mmoja hupoteza nguvu upesi. Mkulima na ahesabu mbegu 100, azifunge katika kitambaa chenye unyevu, na baada ya siku 10 atazame. Zisipoota hata nusu, asizisie. Aina pia ina maana. Katika nchi zilizo karibu na ikweta mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na aina nyingi za Ulaya zilizozoea mchana mrefu hutoa majani matupu. Red Creole na Bombay Red hufaa.

Kitalu husiwa mwanzo wa Juni, na hapa ndipo wakulima hodari hukosea. Wamezoea kunenepesha mmea. Kazi hii yataka kuunyima. Samadi isitiwe, na mbegu zisiwe mbali mbali, bali zikaribiane hata mmea mmoja uguse mwenzake. Mimea iliyosongamana na yenye njaa hufanya kitunguu mapema, nacho hubaki kidogo. Hicho ndicho kitakiwacho. Magugu, hata hivyo, yang'olewe yote, maana kitunguu hakiwezi kushindana nayo.

Mwisho wa Agosti, majani yanapoanza kulala, maji hukomeshwa. Vitunguu hung'olewa, huanikwa kivulini, na hufungwa mafungu pamoja na majani yake, yakatundikwa chini ya paa penye upepo. Visitiwe ndani ya debe lililofunikwa wala mfuko wa plastiki, vitaoza. Vinavyofaa kupandwa havizidi upana wa inchi 1. Vikubwa zaidi viende jikoni, kwa kuwa, hasa katika nyanda za baridi, hukimbilia kutoa maua badala ya kunenepa.

Mvua za vuli zikilowesha ardhi, hupandwa inchi 4 kati ya kimoja na kingine, mistari ikiachana inchi 12, ncha ikionekana kidogo tu juu ya udongo. Sasa samadi iliyooza yaruhusiwa. Vikipandwa katikati ya Oktoba, vingi huwa tayari mwezi wa Januari, jua likiwa kali na mvua za masika zikiwa bado mbali.