Tusubiri Nguzo au Tutumie Jua?

(Mada iliyotolewa mbele ya kamati za miradi za sharika za Musoma, Bunda na Butiama)



Katika kila usharika tuliotembelea tumeulizwa swali moja: tusubiri nguzo za TANESCO, au tuzalishe umeme wetu wenyewe? Kabla ya kujibu, tutazame wengine walipopita.

Ukame wa miaka ya 1990 ulipopunguza maji mabwawani, Serikali iliwakaribisha wazalishaji binafsi. Mkataba wa IPTL ulitiwa saini mwaka 1995, na mtambo wake wa megawati 100 pale Tegeta ukaanza kazi mwaka 2002. TANESCO ilipaswa kulipia mtambo huo kila mwezi, hata usipowashwa. Malipo hayo yalizaa migogoro ya miaka mingi. Tunajifunza kwamba mkataba ndio unaoamua nani atabeba hasara.

Baada ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, wazalishaji wadogo, wasiozidi megawati 10, walifunguliwa mlango. Masista Wabenediktini wa Chipole, mkoani Ruvuma, walijenga mtambo wa maji wa Tulila wenye megawati 5, wakaanza kuiuzia TANESCO umeme mwaka 2015. Kwa hiyo watu wa kanisa wanaweza. Lakini masista wana mto. Sisi tuna jua.

Majirani zetu wa kisiwa cha Ukara, Ukerewe, walipata umeme wa jua wa kampuni binafsi mwaka 2016. Betri, nyaya na mafundi vililipiwa na wateja wachache, hivyo bei ya uniti ilikuwa mara nyingi ya ile ya TANESCO. Mwaka 2020 Serikali iliagiza ishuke hadi shilingi 100. Mwananchi alipumua, lakini hesabu za mwekezaji zilikuwa zimepangwa kwa bei ya zamani. Je, usharika wetu ungeweza kubeba pigo la namna hiyo?

Nasi tuna la kukiri. Katika zahanati yetu moja tulifunga paneli kwa msaada wa wahisani, tukapiga picha, tukaandika taarifa nzuri. Mwaka wa tatu betri zilikufa. Hakuna aliyekuwa ameweka akiba hata ya betri moja. Kwa miezi kadhaa akina mama walijifungulia kwenye mwanga wa simu ya muuguzi, na paneli ziko palepale juu ya bati. Tulihesabu paneli, hatukuhesabu betri. Kosa hilo ni letu sisi ofisini, kwa kuwa mpango tuliuandika sisi.

Hivyo tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, tusianzishe kampuni ya kuuza umeme. Bwawa lililopewa jina la Mwalimu, mwana wa Butiama, lina megawati 2,115, na mashine zake zote 9 zilikamilika mwaka 2025. Pale nguzo zilipofika, tuunganishe majengo yetu.

Pili, umeme wa gridi hukatika. Jua libaki kuwa akiba ya chumba cha kujifungulia na jokofu la chanjo. Tusilitegemee kuendesha mashine ya kusaga.

Tatu, kila kamati ifungue akaunti ya betri. Mchango uwe mdogo, lakini wa kila mwezi, na mhazini ausome mbele ya usharika kila robo mwaka.

Kwenu wahisani tunaomba jambo ambalo si kawaida yetu kuliomba: msitupe paneli mpya kabla ya kuona miezi sita ya akiba katika akaunti hiyo. Tukishindwa kuweka fedha za betri moja, hatuko tayari kupokea paneli kumi.

Wajumbe, mkirudi nyumbani msianze na fundi. Anzeni na mhazini. Muuguzi wetu asishike simu kwa meno tena.