Kituo cha Sera Chuoni na Kazi ya Kurudi Palepale



Vituo vya utafiti wa sera vilivyo ndani ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vimezoea kujitetea kwa kuhesabu ripoti: zimeandikwa ngapi, waziri gani alihudhuria uzinduzi, muhtasari upi ulifika bungeni. Mada hii inakipinga kipimo hicho. Ripoti nzuri inaweza kuandikwa na kampuni ya ushauri, tena kwa haraka zaidi. Chuo kikuu kina uwezo mwingine, nao ni wa kurudi: kuuliza swali lilelile, kwa watu wa mahali palepale, baada ya miaka kumi au thelathini, huku majibu ya mwanzo yakiwa bado yamehifadhiwa. Kituo kisichoweza kufanya hivyo, hata kiwe na wahisani wengi namna gani, ni ofisi ya ushauri iliyopanga chumba chuoni.

Ushahidi wa kwanza uko Tetu, Nyeri. Serikali ya Kenya ilipoanzisha mpango maalumu wa maendeleo vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika maeneo sita yakiwemo Tetu, Kwale na Kapenguria, kazi ya kuutathmini ilipewa Taasisi ya Masomo ya Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoundwa 1965. Wakati huo mabwana shamba walikuwa wakiwatembelea zaidi wakulima waliokwisha kupiga hatua, kwa imani kwamba majirani wangeiga. Watafiti wa taasisi hiyo, Joseph Ascroft na Niels Röling wakiwa miongoni mwao, waliipeleka imani hiyo shambani ikapimwe. Walichagua wakulima waliobaki nyuma, wakawapatia mafunzo mafupi katika chuo cha wakulima, wakawawezesha kupata mbegu chotara za mahindi kwa mkopo mdogo. Walio wengi wakapanda. Kumbe wale walioitwa wagumu wa kubadilika hawakuwa wamefikiwa na mtu. Matokeo hayo, yaliyochapishwa 1973, yaliwezekana kwa sababu watafiti waliishi nchini, waliweza kusubiri msimu wa mvua ufike na mavuno yafuate, na hawakuwa watumishi wa wizara ambayo maafisa wake ndio waliokuwa wakichunguzwa. Mshauri wa wiki tatu angewahoji mabwana shamba, naye angeondoka na maelezo yao.

Ushahidi wa pili ni mzito zaidi, na unatuhusu kama kanda. Katika miaka ya 1960 Gilbert White, Anne White na David Bradley walichunguza jinsi kaya za Kenya, Uganda na Tanzania zinavyopata na kutumia maji. Kitabu chao kilitoka 1972. Miaka thelathini baada ya uchunguzi huo, watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makerere, walirudi katika maeneo yaleyale. Walikuta kwamba katika nyumba zenye bomba maji anayotumia mtu mmoja kwa siku yalikuwa yamepungua kwa takriban nusu. Tulizamie jambo hili kidogo. Katika miongo hiyo serikali zilikuwa zikihesabu mabomba yaliyolazwa na nyumba zilizounganishwa, na hesabu hizo zilikuwa zikipanda. Hakuna takwimu ya mwaka mmoja ambayo ingeonyesha kuwa ndani ya bomba lenyewe maji yanapungua. Ilihitajika kumbukumbu. Linalosikitisha ni kwamba safari hiyo ya kurudi iliratibiwa kutoka London. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichokuwa cha pamoja cha nchi hizo tatu, kilikuwa kimevunjwa 1970, kila taasisi ikabaki na nchi yake, na swali lililovuka mipaka likakosa mwenyewe.

Waliomo serikalini watajibu, kwa haki, kwamba bajeti husomwa Juni na haiwezi kumngoja mtafiti miaka thelathini. Ni kweli. Lakini tuangalie yaliyotokea Machi 2021, mamlaka ya Kenya ilipozuia kwa barua mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikaondoa zuio kwa masharti. Hofu yenyewe ilikuwa na msingi: mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125, wengi wao wa Makueni na Kitui, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Siku ya barua ile jibu la haraka lingeweza kutolewa tu na aliyekuwa na vipimo vya miaka mingi, vilivyochukuliwa kwa njia moja pande zote za mpaka. Anayeanza kuchukua sampuli baada ya malori kukwama Namanga amekwisha kuchelewa, hata akifanya kazi usiku na mchana.

Pingamizi la pili linatoka chuoni kwenyewe. Mahmood Mamdani, alipokuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere, alisema wazi kwamba utamaduni wa ushauri umewageuza watafiti kuwa wajibu maswali yaliyotungwa na wengine. Taasisi ikaanzisha masomo ya uzamivu ya muda mrefu ili kulea watu wa kuyatunga wenyewe. Nakubaliana naye kuhusu ugonjwa. Lakini kuna wanaochukua hoja hiyo na kuhitimisha kwamba sera yenyewe inakichafua chuo, na hapo siwafuati. Swali la Tetu lilihusu sera moja kwa moja, na bado lilitungwa na watafiti. Kinachoharibu kazi ni hadidu za rejea zinazofika zikiwa na jibu ndani yake.

Limebaki suala la fedha, ambalo ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa serikali na mfadhili wote wawili wanaweza kufunga mfereji. Sidhani kuna kituo katika kanda hii kitakachoweza kukataa kazi zote za mikataba, na sishauri hivyo. Ninachopendekeza ni kifungu kimoja katika kila mkataba: hojaji, takwimu ghafi na orodha ya maeneo yaliyochunguzwa vibaki chuoni, na baada ya muda uliotajwa viwe wazi kwa mtafiti yeyote wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wahojiwa wakiwa wamefichwa majina. Hifadhi hiyo inaweza kuwekwa chini ya Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lililoko Kampala, ambalo tayari lina mamlaka ya kikanda. Hatua hii haihitaji kungoja sheria mpya. Inahitaji mkurugenzi wa kituo akatae kutia saini mkataba usio na kifungu hicho, na makamu mkuu wa chuo amuunge mkono siku mfadhili atakapoondoka na fedha zake.