HOTUBA YA KATIBU WA TAWI: SHIMO LA MORAMU LIWE BUSTANI YA WOTE

Kwa wanachama ambao hawakufika mkutanoni, tuliyosema ni haya.



Shimo la moramu nyuma ya soko tunalijua sote. Barabara ilipokwisha, liliachwa wazi. Masika linajaa maji na watoto wanaochunga ndama wanaogelea humo. Kiangazi linakuwa jaa, mbuzi wanakula mifuko. Sasa wapo wanaotaka ligawanywe viwanja vya vibanda. Sisi tunasema hapana. Eneo la wote libaki la wote: liwe bustani yenye kivuli, anayesindikiza mgonjwa hospitali na anayekuja sokoni wapate pa kupumzika.

Wengine wanauliza, mawe matupu yataotesha nini? Mombasa imewezekana. Machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi yalikuwa jangwa la mawe. Mwaka 1971 René Haller alianza kujaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili ni 3 tu, mmojawapo mvinje. Majani yake hayakuoza upesi, akaleta jongoo wakayasaga yakawa udongo. Leo ni Haller Park, na watu wanakwenda kutembea.

Hatusemi tupande mvinje. Hapa ni hifadhini, na miti yetu ni oloirien, oltepesi na oreteti. Tunachojifunza ni subira na matunzo. Tuseme ukweli wa daftari: miche tuliyopanda zamani tulipiga nayo picha, kisha ikaliwa na mbuzi. Bei ya mche ni ndogo. Gharama kubwa ni uzio, maji na mtu wa kuutazama kila siku.

Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Barua ya kuomba kibali iende serikali ya kijiji na Mamlaka ya Hifadhi. Jembe lisishikwe kabla ya jibu.
2. Kingo kali za shimo zilazwe, na maji ya mvua yaelekezwe kwenye miche. Maji ya kubebwa na punda ni ya watu na mifugo kwanza.
3. Tuanze na miche 20 mwanzo wa masika, kila mche na kaya yake, uzio wa miiba kama wa boma.
4. Michango na risiti zisomwe kila mkutano, hata kama ni shilingi elfu moja.

Kivuli hakiulizi kadi ya chama. Asiye mwanachama naye atakaa, na ndivyo tunavyotaka.

Maoni yaletwe kabla ya mkutano ujao.

Katibu wa Tawi, Endulen