Gumba la Kulia na Herufi A

Wakala wa fedha anayeketi chini ya mwavuli karibu na soko la Sabasaba, Dodoma, ana simu mbili mezani. Moja ni kitochi. Anakishika kwa mkono wa kulia, anabonyeza nyota, tarakimu, reli, huku macho yako kwa mteja na mkono wa kushoto unahesabu noti. Ya pili ni simu janja. Hiyo ikilia, kazi zote husimama: noti zinasukumwa chini ya daftari, mikono yote miwili inaikamata, shingo inainama. Mtu ni yuleyule. Mhadhara huu unauliza kilichobadilika ni nini, na jibu lake linaanzia kwenye kidole gumba.

Kitochi kilipata jina kwa tochi yake. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, ilikuwa na gramu 86 na upana usiofika sentimita 5. Batani zake zilifunikwa zisiingie vumbi, na ubavu wake ulitengenezwa usiteleze mkononi. Walioibuni walifikiria kiganja chenye jasho na barabara ya vumbi. Waliifikiria Dodoma hata kama hawakuwahi kuiona. Miaka minne baadaye, mwaka uleule Chuo Kikuu cha Dodoma kilipofungua milango, ikaja iPhone ya kwanza: kioo cha inchi 3.5, gramu 135. Leo simu za bei ya kawaida katika maduka ya mjini, Tecno na Infinix zikiwemo, zina vioo vya zaidi ya inchi 6.5 na uzito unaokaribia gramu 200. Gumba linaloziendesha ni lilelile.

Hapa Kiswahili kina kesi yake ya peke yake. Herufi inayojirudia kuliko zote katika lugha hii ni A. Andika “mama anakaa hapa”: herufi 14, na 8 kati yake ni A. Kwenye kitochi A ilikaa pazuri, namba 2, juu katikati, bonyezo moja tu. “Mama” nzima ilimalizika kwa mabonyezo manne. (“Sisi” ilitaka 14, lakini hiyo ni dhambi ya S na I.) Simu janja haikurithi kitochi. Kibodi yake imetokana na mashine ya taipu ya Christopher Sholes wa Milwaukee, Marekani, iliyoingia sokoni mwaka 1874, na Sholes aliandika Kiingereza. A akaipeleka ukingoni kabisa mwa kushoto, chini ya kidole cha mwisho, kilicho dhaifu kuliko vyote. Makatibu muhtasi walioandika nyaraka za Serikali kwa Kiswahili wamekitumikisha kidole hicho miaka na miaka.

Aliyeketi ukumbini anaweza kujaribu sasa hivi. Ashike simu kwa mkono wa kulia pekee, aandike sentensi ile ya mama. Gumba litavuka kioo kizima kwenda kushoto, lirudi, livuke tena, na simu itaanza kuyumba kiganjani. Anayeshikia kushoto ana nafuu ya A, ila I, O na U ziko ng'ambo. Walimu wanaokasirishwa na “hbr” na “tfdhl” wana haki ya kukasirika. Mtindo huo ulizaliwa enzi za ujumbe mfupi wa herufi 160. Lakini watazame ni herufi gani inayotupwa kwanza.

Gumba lina kiungo mzizini chenye umbo la tandiko la punda, ndiyo maana linaweza kukutana na vidole vingine vyote. Nguvu yake iko katika kukaza: mpini wa jembe, tonge la ugali. Kwenye simu linatumwa kinyume chake, kunyooshwa mbali na kugusa kidogo, mara mamia kwa siku, huku kidole cha mwisho kimegeuzwa rafu ya kubebea simu. Kano mbili zinazolinyanyua hupita katika ala nyembamba kandokando ya kifundo cha mkono, na zikisuguka humo, ala inavimba. Fritz de Quervain, daktari mpasuaji wa Uswisi, aliyaeleza maradhi hayo mwaka 1895. Waliokuwa wakijulikana kuugua ni wafua nguo, na kina mama wanaonyanyua watoto wachanga.

Shingo nayo ina lake. Mwaka 2014 daktari wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwa kompyuta: kichwa kilichonyooka huilemea shingo kilo 5 hivi, kikiinama digrii 60, kilo 27. Ndoo ya maji ya lita 20, inayobebwa kichwani katika vijiji vya Chamwino na Bahi, ni nyepesi kuliko hapo, tena mbebaji anatembea shingo wima. Wapo wataalamu walioipinga hesabu hiyo, kwa kuwa haikupimwa kwa watu hai. Jua la Dodoma halisubiri wakubaliane: mchana kioo hakisomeki, mtu anakikinga kwa kiganja, anaisogeza simu kifuani, anainama zaidi.

Na hapa hapa Ugogoni kuna chombo cha magumba mawili ambacho wabunifu wa simu wangefaa kukaa chini wakichunguze. Ilimba ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba. Viganja hushika pande zote mbili, magumba hubonyeza. Vyuma virefu vya sauti nzito hukaa katikati, vifupi hushuka kulia na kushoto, hivyo wimbo unagawanywa kati ya mikono na gumba halihangaiki kuvuka kwenda kwa mwenzake. Vyuma vingine havibonyezwi kabisa, huitikia vyenyewe. Matundu ya sanduku huzibwa kwa utando wa buibui ili sauti ivume. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeifikisha ilimba kwenye majukwaa ya Ulaya na kufariki mwaka 2003, alipiga ilimba kubwa mara kadhaa kuliko simu yoyote.

Nafuu ndogondogo zipo. Kibodi ya Google ina hali ya mkono mmoja: inajikunja upande wa gumba, na A inafikika bila kujinyoosha. Wengi hawajawahi kuifungua. Wamejiponya kwa ujumbe wa sauti, ambao WhatsApp iliuleta mwaka 2013. Kinywani A na I hazina umbali.

Wakala wa Sabasaba hana muda wa mipangilio. Saa saba mchana, kivuli cha mwavuli kikishaikimbia meza, anaifunika simu janja kwa daftari isipate moto, anachukua kitochi. Nyota, tarakimu, reli. Macho yako kwa mteja.